Nyumba ya Vioo Kilimani Rwamisha

Misheni ya Rwamisha,
Muleba.
20 Januari 1974

Mdogo wangu Joviana,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama hajambo, ila macho yamezidi kufifia. Jana aliukaribisha mgomba ndani, akidhani ni jirani yetu Celina amesimama uani. Tulicheka sana, naye akacheka kutushinda.

Leo sikuandikii kwa ajili ya sabuni. Nina neno kubwa. Unamkumbuka Datius, fundi mwashi aliyejenga ukuta wa zahanati, yule aliyefiwa na mkewe? Amepewa kazi ya kujenga nyumba katika kijiji kipya cha ujamaa, Rwenkende, kule bondeni kuelekea Biharamulo. Anataka twende wote. Anataka kunioa, Joviana. Mimi, mtu wa miaka thelathini na mitatu, niliyerudishwa kwa baba kama debe lililotoboka kwa kuwa watoto wangu wawili hawakuishi. Nilimwambia arudie kusema, nikidhani nimesikia vibaya.

Tatizo ni maua. Wewe uliiona nyumba ya vioo mara moja tu, tena kwa nje. Mama Hedwig aliijenga ili ajue kama maua ya vilele vya milima, ya kwao Uswisi na ya Kilimanjaro, yanaweza kuishi huku kwetu kwenye joto na unyevu wa Ziwa. Yanaweza, mradi apatikane mtu wa kufungwa nayo. Vioo tunavipaka chokaa ili jua lisipenye kwa ukali. Madirisha yote hukaa wazi, na kwenye kila dirisha naning'iniza gunia la kahawa lililoloweshwa, upepo upite humo uingie ukiwa wa baridi. Gunia hukauka kwa saa moja na nusu. Likikauka joto linapanda, na lile ua jeupe linalofanana na nyota ya sufi linaanza kulegea kama mtoto mwenye homa. Kwa hiyo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni siwezi kwenda mbali kuliko kisimani. Tangu Mama Hedwig arudi kwao mwaka 1970 sijafika hata sokoni Muleba. Misa ya Jumapili naisikia kwa kengele tu. Jioni natembea nusu saa hadi Buganguzi, namwandalia mama chakula, nalala, na asubuhi nimo njiani tena.

Lakini nilimwahidi kuyatunza, na unajua kwa nini. Niliporudishwa, wanawake waliogopa hata kunipa mtoto nimshike. Yeye alinipa kazi bila kuuliza nimezaa wangapi na wamekwenda wapi. Siwezi kumtoroka. Nataka kuomba ruhusa yake.

Barua yangu kwake ndiyo hii nyingine humu ndani. Kiswahili chake kilikuwa cha "lete maji" na "taratibu, taratibu", kwa hiyo iweke kwa Kiingereza kama kawaida, na jibu likifika kwenye sanduku la ofisini kwako, nisomee. Datius ataondoka baada ya Pasaka. Fanya haraka, waitu, ndugu yangu.

Dada yako,
Alistidia

*

Kagondo,
Bukoba.
3 Februari 1974

Dada Alistidia,

Kasinge waitu, pokea salamu zangu. Barua yako imenifikia Ijumaa, nikaisoma nimesimama. Nimeitafsiri yote, nimeipiga chapa kwa mashine ya ofisini watu walipokwenda kula, na imekwenda kwa ndege.

Datius ni mtu mwema, sina la kusema juu yake. Ila dada, mama je? Ukiwa Rwenkende nani atamtenganishia kikombe na mgomba? Celina ana wajukuu sita. Baba mdogo, tangu arithi kibanja cha migomba cha baba, anahesabu hata mikungu mama anayokata. Nami huku nimeahidiwa kupelekwa kozi ya uhazili Tabora, Julai hadi Septemba. Nikifaulu sitakuwa tena mpiga chapa wa kukopeshwa meza. Katika wasichana wa ofisi hii ni mimi peke yangu niliyeteuliwa.

Sisemi usiende. Nauliza tu.

Mdogo wako,
Joviana

*

Kagondo,
Bukoba.
30 Machi 1974

Dada mpendwa,

Jibu la Mama Hedwig limefika. Naliweka hapa kwa Kiswahili:

"Mpendwa Alistidia, nimefurahi kupata habari zako. Lakini kazi yetu imefika mahali pazuri, na nakuomba ukae miaka miwili zaidi. Usiiache mimea hata siku moja. Nakutegemea wewe peke yako. Wako, Hedwig."

Ndivyo ilivyo. Barua yenyewe nimeihifadhi huku isije ikapotea kwenye basi. Pole, dada. Miaka miwili si mingi. Nimekutumia kitenge na mipande miwili ya sabuni kwa dereva wa basi.

Joviana

*

Misheni ya Rwamisha,
Muleba.
21 Aprili 1974

Joviana,

Kitenge kimefika, ahsante.

Datius alikuja Jumatano. Nilikuwa nalowesha magunia.

"Umepata jibu?"

"Nimepata."

"Anasemaje?"

"Miaka miwili."

Alichukua ndoo mkononi mwangu, akaenda kisimani, akarudi, akalowesha magunia yote yaliyobaki. Alipomaliza alikaa kwenye ngazi akasema, "Alistidia, mimi siwezi kungoja miaka miwili. Watoto wangu wanalala kwa shangazi yao kama mizigo." Nikamwambia najua. Akasema, "Ingekuwa mwanamume mwingine ningejua pa kuanzia. Sasa nigombane na ua?"

Lori la watu wa Rwenkende liliondoka Ijumaa. Nililisikia likishuka mteremko, watu wanaimba. Ilikuwa saa saba mchana, kipimajoto kimepanda, sikuweza kutoka. Niliwapungia mkono kupitia kioo kilichopakwa chokaa. Bila shaka hakuna aliyeniona.

Usihangaike juu ya mama. Nenda kozi yako kwa moyo mweupe. Angalau mmoja wetu atoke.

Alistidia

*

Misheni ya Rwamisha,
Muleba.
21 Julai 1974

Joviana,

Natumaini umefika Tabora salama. Huku kumechafuka.

Jumanne paliitishwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti Byarugaba alisema mvua imetudanganya mwaka huu, chakula ni kidogo, na kila kitu kijijini kifanye kazi. Akaitaja nyumba ya vioo. Anataka kuotesha humo miche ya kabichi na nyanya. Akaniita mbele.

"Alistidia, haya maua yanaliwa?"

"Hayaliwi."

"Ni dawa?"

"Si dawa."

"Yanauzwa?"

"Hayauzwi."

"Basi yana kazi gani?"

Joviana, nilisimama pale kama mwanafunzi. Nilitaka kusema kwamba mbegu zake haziamki mpaka zilale wiki nane kwenye jokofu la mafuta ya taa, na kwamba Kashaija, mganga wetu wa zahanati, hunung'unika kila ninapozisogeza karibu na chanjo zake. Nilitaka kusema kwamba mwezi wa tano ua moja la buluu lilifunguka, nami nikakaa nalo mchana kutwa bila kuhisi njaa. Nikaona watacheka. Nikasema tu kwamba yameachwa kwangu kwa ahadi, na mwenyewe ameniandikia nisiyaache hata siku moja. Nikasema atakayeyagusa anivunje mkono kwanza.

Mtu mmoja akapiga kelele nyuma, "Mzungu ameondoka, amemwacha mtumwa wake!" Watu wakacheka. Wamenipa mwezi mzima wa kulima shamba la kijiji alfajiri kabla ya kazi yangu, kwa kosa la kumjibu Mwenyekiti. Kuna majirani wasionisalimia. Maua bado yapo.

Nasikia Datius anajenga nyumba za matofali, safi, zenye madirisha.

Alistidia

*

Tabora.
11 Agosti 1974

Dada,

Kwa nini ulisema vile mkutanoni? Mwachie Byarugaba nyumba hiyo. Aoteshe kabichi zake. Kwa nini ulime alfajiri kwa ajili ya vyungu vya maua? Mama Hedwig hatakasirika, nakuhakikishia. Yuko mbali, ana mambo yake.

Silali vizuri huku. Masomo ni mazuri. Nikirudi nitakuja nyumbani tuongee, kuna mambo hayaandikiki.

Joviana

*

Misheni ya Rwamisha,
Muleba.
10 Novemba 1974

Joviana,

Ulirudi Bukoba mwezi wa tisa na nyumbani hukuja. Sasa najua sababu.

Alhamisi Kashaija aliniita zahanati. Alikuwa amepata barua kutoka kwa Mama Hedwig. Anasema ameandika mara mbili kwenye sanduku lako na hakujibiwa, ndipo akamwandikia yeye. Kashaija alinisomea kwa Kiswahili, nami nimeishika yote, maana nilimwomba arudie.

Anasema: "Mwezi wa pili Alistidia aliniuliza kama anaweza kuolewa. Nilimjibu siku ile ile: aende, aolewe, maua ampe anayeyataka au ayaache yafe. Nilimwambia naona haya kwamba nilimfunga mtu mzima kwenye vyungu vyangu. Tangu hapo sijasikia neno. Tafadhali niambie, harusi ilikuwaje?"

Kashaija alisoma mara mbili. Mara ya tatu alikataa, akaniletea maji ya kunywa.

Nilirudi kwenye nyumba ya vioo. Magunia yalikuwa yamekauka. Nilikaa kwenye ngazi na ndoo tupu. Sikuyaua maua, Joviana. Niliacha tu kulowesha. Siku ya kwanza yalilegea. Siku ya pili nyota za sufi zilikuwa kama majani yaliyochemshwa. Leo ni siku ya tatu, na harufu yake ni ya mboga iliyolala. Yako mengine madogo, magumu, yaliyobanana kama mto wa kulalia, hayo bado yanashindana. Naingia kuyatazama nikijua mkono wangu mmoja na ndoo moja vingeyaokoa, na mkono hauinuki.

Nimempelekea Byarugaba ufunguo. Aliupokea, akanitazama usoni, akasema, "Mama, nani amefariki?"

Swali langu ni moja. Uliogopa nini?

Alistidia

*

Kagondo,
Bukoba.
17 Novemba 1974

Dada,

Sina pa kuanzia, kwa hiyo naanza na ukweli. Barua ya Mama Hedwig ilikuwa kama Kashaija alivyokusomea. Niliisoma mara moja, nikaiweka kwenye droo, na siku tatu nzima nilikuwa nikiamka nikisema leo nitamwandikia dada kama ilivyo. Siku ya nne mkubwa wangu aliniita akasema jina langu limepita, nitakwenda Tabora. Jioni ile niliketi kwenye mashine, nikaandika ile nyingine. Haikunichukua hata nusu saa.

Umeuliza niliogopa nini. Niliogopa kurudi. Ungeolewa, mama angebaki peke yake, na ukoo wote ungesema: Joviana hana mume, hana mtoto, arudi nyumbani. Nani angenitetea? Ningerudi kuchuma kahawa ya baba mdogo na kumwongoza mama chooni, na vidole hivi vingesahau kila kitu. Nikajiambia miaka miwili tu. Nikajiambia wewe umezoea. Hilo ndilo neno baya kuliko yote, dada, kwamba nilijiambia umezoea.

Najua mahari yako ndiyo iliyonisomesha. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Nakumbuka ulivyolia, na nakumbuka viatu vyangu vipya vya shule.

Zile barua mbili nyingine za Mama Hedwig nilizikuta niliporudi kutoka Tabora. Ninazo. Nakutumia zote tatu kwenye bahasha hii.

Nipige, nitukane, njoo ofisini univue nguo mbele ya watu. Ila niandikie.

Joviana

*

Kagondo,
Bukoba.
5 Januari 1975

Dada,

Hii ni barua ya nne. Krismasi nilifika hadi stendi nikiwa na mfuko wa sukari, basi likaja, nikashindwa kupanda. Dereva anasema hajakuona Rwamisha tangu msimu wa senene. Kama unaumwa, mtume hata Celina aseme neno moja.

Joviana

*

Kijiji cha Rwenkende.
16 Februari 1975

Joviana,

Siumwi. Nilipata barua zako zote.

Niliondoka Rwamisha tarehe tisa Januari, na lori lililobeba mbao. Nilijiambia simfuati Datius, na kama ungeniuliza njiani ningekudanganya hivyo hivyo. Nilitaka kumwona kwa macho nijue moja. Nilimkuta. Ameoa mwezi wa nane, msichana mwenye sauti nzuri, anaitwa Kokushubila. Alinikaribisha bila kunijua, akanipa maji ya kunawa, akaniandalia ndizi na maharage. Watoto wa Datius wamenenepa, wanamwita mama. Nilikula chakula chote.

Mkewe alipokwenda kuni, Datius akaniuliza, "Kwa nini hukuja?"

Nikasema, "Barua ilisomwa vibaya."

Hakuuliza ilisomwa na nani. Akasema, "Nami sikuweza kungoja zaidi ya miezi minne? Mtu hawezi kungoja zaidi ya hapo?" Nikamwambia asijilaumu. Nilipotoka nje nilitapika kile chakula chote kwenye majani.

Ningerudi siku ile, lakini lori liliharibika. Nikakaa wiki. Siku moja niliwakuta wanawake wa kijiji wakihangaika na miche ya kahawa iliyounguzwa na jua, wameipanda wazi kama mahindi. Nikawaonyesha kivuli kinavyojengwa na jinsi ya kumwagilia jioni badala ya mchana. Keshoye wakanifuata tena. Mwenyekiti wa huku, Anatory, mtu wa maneno machache, akaniuliza kama nataka kukaa. Nikasema sina mume. Akafungua daftari akaandika: Alistidia Rugaibula, ekari moja. Nikamwuliza mara mbili kama jina la mwanamume si lazima. Akasema, "Mama, unanipotezea wino."

Unajua kwetu. Kibanja cha baba kilikwenda kwa baba mdogo, wewe na mimi hatukupata hata mgomba, na mama anakaa pale kwa hisani. Hapa nina ekari moja ya vichaka na mawe, na nyoka wengi. Nalala katika nyumba ya udongo isiyo na dirisha. Mbung'o wananiuma mchana kutwa. Usidhani nimepata peponi. Usiku nashtuka nikidhani magunia yamekauka, nainuka kabisa kutafuta ndoo, ndipo nakumbuka.

Sasa habari ya mama. Kabla sijaondoka nilimwuliza kama anataka kuja kwako. Alisema Bukoba haendi, hataki kufia kwenye chumba cha kupanga. Nikamwambia basi mimi naondoka. Akasema, "Nilidhani ungeondoka zamani. Kumbe mlikuwa mnaniogopa mimi, kila mtu kwa upande wake, na hakuna aliyeniuliza." Sikumwambia ulilofanya. Ukitaka ajue, mwambie kwa mdomo wako.

Celina anampikia hadi mwisho wa mwezi huu. Kuanzia tarehe mosi Machi anakwenda Kemondo kwa binti yake aliyejifungua mapacha. Baada ya hapo mama hana mtu.

Mimi sirudi, Joviana. Usiniandikie maneno ya msamaha, hayo siyawezi sasa. Niandikie habari za mama.

Alistidia

*

Buganguzi,
Muleba.
9 Machi 1975

Dada Alistidia,

Umesema habari za mama tu, nami nitaandika hizo.

Niliomba likizo bila malipo, miezi mitatu. Mkubwa wangu alisema meza haitaningoja, tayari kuna msichana mwingine. Nilishuka kwenye basi Jumamosi tarehe mosi, alasiri, na sanduku langu.

Mama alikuwa ameketi barazani peke yake. Amekonda. Alisikia hatua akauliza, "Nani huyo?"

"Ni Joviana."

"Umekuja kwa siku ngapi?"

Akangoja, uso ameuelekeza pembeni kidogo ya pale niliposimama. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, ya barua, ya droo, ya mashine. Nilimaliza jua likiwa limefika chini ya migomba. Alinisikiliza bila kunikatiza hata mara moja. Nilidhani amesinzia.

Kisha akauliza tena, "Umekuja kwa siku ngapi?"

Nikasema, "Sijui, mama."

Akajisogeza kwenye mkeka, akapapasa ile nafasi kwa kiganja, akasema, "Basi vua viatu. Ndizi ziko jikoni, hazijamenywa."

Mdogo wako,
Joviana